Vaisi ya kufungia flai: ya kuzunguka au ya kawaida? Naomba ushauri kabla sijaagiza

Kijana_wa_Ragati:

Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa wale mnaofunga flai (chambo bandia cha manyoya na uzi kwenye ndoana) wenyewe. Mimi niko Karatina, navua samaki aina ya trauti mto Ragati na nikipata nafasi napanda hadi Gura kule Aberdare. Flai za kununua zimenichosha, ama ni ghali ama zinafumuka samaki wa pili tu, kwa hiyo siku hizi nafunga mwenyewe na mikono imeanza kuzoea, lakini vaisi niliyo nayo, yaani kile kifaa cha kubana ndoana, ndiyo inanimaliza. Ni zile za bei ya chini zinazokuja kwa boksi moja na mkasi, bobini na manyoya ya rangi rangi ambayo hata sijui ni ya ndege gani. Nikibana ndoana namba 14 (hapa namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo) inaonekana imeshika, halafu nikivuta uzi kidogo tu inainama mbele, naikaza tena, inainama tena, na nikitoka hapo nitake kufunga kitu kikubwa cha namba 6 lazima nianze kuchokora ile nati ya nyuma upya mpaka hamu inaisha.

Sasa kuna binamu yangu anakuja kutoka Marekani mwezi wa kumi na mbili na amekubali kunibebea. Bajeti ni kama dola 200, ikibidi sana nitaongeza kidogo, lakini si hizo za dola mia tano na kupanda, hapana. Nimesoma sana mpaka nimechanganyikiwa. Wengine wanasema bila rotari, yaani vaisi ya kuzunguka, unapoteza muda, wengine wanasema rotari ni mbwembwe. Wengine klampu ya kubana mezani, wengine kitako kizito. Renzetti, Regal, Peak, Griffin, kila mtu anasifia yake.

Halafu shemeji yangu yuko Watamu ameniambia nikishuka pwani nibebe flai za kolekole, yaani ndoana kubwa kabisa. Je kuna vaisi moja inayoweza kushika 16 ya trauti na pia hizo kubwa za bahari ama natafuta kisichokuwepo?

Mama_Manyoya:

Kijana wangu karibu. Mimi nilifunga flai za kuuza nje miaka mingi hapo Nairobi, tulikuwa tunalipwa kwa dazani, na nitakuambia kitu ambacho wenye maduka hawatakuambia. Pale kwenye meza ndefu tumekaa wanawake wamejaa, kila mmoja na vaisi yake imebanwa ukingoni mwa meza, hakuna hata moja iliyokuwa ya kuzunguka. Ni kichuma, leva, taya mbili, basi. Na flai zile zilikuwa zinaenda Uingereza na Marekani zinauzwa kwa watu wenye vaisi za bei ya ng'ombe huko kwao.

Kwa hiyo usianze na rotari. Anza na swali moja tu, inashika?

Jaribio ni hili, na mwambie binamu yako alifanye dukani kama anaenda dukani. Bana ndoana, weka kidole kwenye tundu la mbele, bonyeza chini pole pole. Vaisi nzuri, ndoana yenyewe itanesa halafu irudi mahali pake, na ukizidisha itapinda ikiwa bado imeshikwa. Vaisi mbaya, ndoana inageuka ndani ya taya. Hiyo ya kugeuka ndiyo unayoita wewe kuinama mbele, na hakuna ufundi wa mkono utakaoiponya.

Lakini kabla hujaitupa hiyo ulinayo iangalie vizuri. Funga taya bila ndoana, inua kwenye mwanga wa dirisha, uangalie kwa upande. Taya nzuri zinakutana kwanza kwenye ncha, ndipo huku nyuma kunabaki kamwanya. Ukiona mwanga unapita kwenye ncha halafu nyuma ndiko zimegusana, hizo zimesagwa vibaya kiwandani ama zimekwisha, na hapo unabana hewa. Nyingi za bei ya chini ziko hivyo, na chuma chenyewe ni laini, baada ya muda ndoana inachimba kamtaro kake na kila ndoana ya saizi nyingine inacheza ndani ya kamtaro hako.

Jambo lingine ni pale unaposhikia. Ndoana ishikwe sehemu ya chini inapopinda, si juu karibu na mti wake (ile sehemu ndefu iliyonyooka), na usiifukie ncha yote ndani ya taya kwa kuogopa uzi kukatika. Wanaoanza hufanya hivyo sana. Ncha ikibanwa inaweza kuatuka na wewe huoni, unakwenda mtoni samaki anagusa anaondoka, unasema leo hawali. Acha ncha nje, jifunze kupitisha uzi bila kuigusa, wiki mbili tatu mkono utakuwa umejua wenyewe.

Na leva usiikaze mpaka mwisho kama unaua nyoka. Rekebisha ile nati ya nyuma ili leva ikifika katikati ya safari yake ianze kuuma, halafu isogeze kidogo tena, inatosha. Taya nyingi zinavunjika kwa nguvu za bure.

Baharini_Tu:

Mama hapo juu kasema kweli tupu, mimi naongeza ya huku kwetu. Niko Kilifi, nafunga flai za bahari, kolekole, nguru, saa zingine za sulisuli kwa wageni wa mashua.

Ndugu yangu ndoana ya bahari ni mambo mengine kabisa. Trauti unavuta uzi mwembamba kwa adabu, huku unafunga 4/0 ama 6/0 (hizi za mkwaju sifuri, namba ikipanda ndoana inakuwa kubwa) kwa uzi mnene unaovuta kwa mkono mzima, manyoya marefu, nywele za plastiki, na zile macho za risasi za flai inayoitwa Clouser ambazo lazima uzikaze kwa msalaba uzi mwingi la sivyo zinazunguka. Vaisi inayoshika 14 vizuri si lazima ishike 6/0. Waya wa ndoana ni mnene, taya hazifungi sawa, ndoana inateleza na wewe umeivutia nguvu zako zote, ikichomoka walahi inakuja usoni. Vaa miwani, sitanii.

Kwa hiyo angalia vitu viwili. Kwanza taya ziwe na mfereji ama kamwanya ka kukalia ndoana nene huku nyuma, Dyna-King wanafanya hivyo na inashika vizuri sana ila bei yake utalia. Pili angalia kiwango cha ndoana kilichoandikwa na mtengenezaji. Renzetti Traveler wanasema 28 mpaka 4/0, hiyo tayari inakupa trauti yote na bahari ya kiasi. Kolekole wa kawaida wa mwambani 4/0 inakutosha. Ukitaka 8/0 ya kuvutia samaki mzito kama mtu, nunua vaisi nyingine siku nyingine.

Mimi natumia Regal. Hiyo haina nati ya kurekebisha, unabonyeza leva taya zinafunguka, unaachia springi inazifunga. Kutoka 10 kwenda 2/0 ni sekunde, na kwa shida yako ya kuchokora nati kila mara hiyo ndiyo dawa. Ubaya wake taya za kawaida ni nene mbele, ukifunga ndoana ndogo sana vidole havipati nafasi nyuma ya flai. Ndoana namba 18 mimi sifungi kwa hiyo hainihusu.

Na mtu yeyote wa pwani asikie hili, chumvi ya hewani inakula taya. Chuma cha taya ni kigumu lakini mara nyingi si cha kutoshika kutu. Kila ukimaliza futa kwa kitambaa chenye oili ya cherehani, funika. Usiiache wazi barazani.

Mufindi_Chai:

Wakuu nawasalimu kutoka Iringa. Huku kwetu Mufindi tuna trauti kwenye mito na mabwawa ya mashamba ya chai kwa hiyo mada inanihusu.

Naomba nitofautiane kidogo na mama kwa heshima zote. Ni kweli wanaofunga kwa dazani hawahitaji rotari, mkono umeshakuwa mashine, flai ile ile mamia kwa mamia. Lakini huyu kijana anafunga flai tatu za aina hii, nne za aina ile, bado anajifunza, na anataka kuona upande wa pili wa flai bila kuinua shingo. Hapo rotari inasaidia.

Ila kuna kitu watu wengi hawakielewi, na wauzaji wanakitumia kudanganya. Kuna vaisi inayozunguka na kuna vaisi ya rotari ya kweli. Ile ya kwanza kichwa kinageuka tu, ukiizungusha ndoana inapanda inashuka, inatembea duara. Inafaa kukagua upande wa pili, mwisho. Ya kweli taya zimetengenezwa mpindo wa ndoana ukae chini ya mstari wa mhimili, na mti wa ndoana unalala sawasawa kwenye mhimili wenyewe. Ukizungusha, mti unabaki palepale unajizungusha tu wala hauhami. Sasa hapo unaweza kushika unyoya wa jogoo kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine, unyoya unajizonga wenyewe kwa nafasi sawa mpaka mbele. Ukifunga flai ya Woolly Bugger utanielewa, na waya wa kubana mwili unakwenda hivyo hivyo.

Namna ya kuipima ni rahisi. Bana ndoana, weka ncha ya sindano karibu na tundu la ndoana bila kugusa, zungusha. Kama tundu linabaki mbele ya sindano, ni ya kweli. Kama linatembea, si ya kweli ama hujaiweka sawa. Nyingi za kweli zina sehemu ya kusogeza taya juu na chini kulingana na ukubwa wa ndoana, na hiyo ndiyo kazi ndogo unayoongeza kila ukibadilisha saizi.

Faida nyingine ambayo mkuu wa Kilifi ataikubali ni Clouser. Ile inaogelea kichwa chini miguu juu, ndoana inaangalia juu, kwa hiyo nywele za upande mmoja unazifunga ukiwa umeigeuza. Na epoksi pia, ukiipaka kichwani na kuiacha imetulia inamwagikia upande mmoja, ukiizungusha pole pole mpaka ishike inakaa sawa pande zote. Wenye gundi ya mwanga, ile inayokauka kwa kumulikwa tochi yake, hawana shida hiyo, tochi dakika moja imekwisha.

Mama_Manyoya:

@Mufindi_Chai mwanangu sijakataa rotari, nimesema isiwe ya kwanza. Nimeona watu wananunua vaisi inazunguka vizuri sana na ndoana inazunguka ndani yake pia 😂

Hiyo ya sindano umeeleza vizuri.

Mzalendo_Pittsburgh:

Wadau mimi niko huku Pennsylvania, na mito ya huku wanafunga flai kama dini, kwa hiyo nimezishika karibu zote dukani. Wacha nimwambie kijana vile bei ilivyo na vile ningefanya mimi na dola zake 200.

Kwa pesa hiyo unaangalia Peak ambayo inatengenezwa Colorado, Griffin ya Montana zile za kati, Renzetti Traveler (Florida) ambayo kwa kawaida inakupitisha bajeti kidogo, na Regal zile za mwanzo mwanzo, nayo inakaribia hapo ama inapita kidogo. Bei zinapanda kila mwaka kwa hiyo binamu aangalie siku ya kununua. Zote hizo nne zinashika. Tukibishana kati yao tunabishana kuhusu ladha.

Peak ni ya kweli rotari, chuma chake kizito, imetulia kama jiwe, unaweza kununua taya za ziada za ndoana ndogo ama kubwa. Traveler ni nyepesi zaidi, imechongwa vizuri, inazunguka laini, na zile taya zake ni nyembamba mbele kwa hiyo ndoana ndogo zina raha. Regal ameshaieleza ndugu wa Kilifi. Ya msingi inageuka lakini si rotari ya kweli, kama ile mkuu wa Mufindi aliyoeleza, na wanaoipenda hawajali. Kuna pia Norvise, ile inazunguka kwa kasi mpaka uzi unajiviringisha wenyewe, ila hiyo ni mtindo wa maisha, unabadilisha hadi bobini, unajifunza kufunga upya. Usianzie hapo.

Njia nyingine ni ya mtumba. Huku kwenye minada ya wazee unakuta Thompson Model A, vaisi ya leva ya zamani iliyotengenezwa Illinois, imefunga flai za nusu ya nchi hii. Na zile za bei ya chini unazoziona kila mahali zina umbo lilelile, ni nakala zake. Tofauti iko kwenye chuma. Ile ya asili taya zake zimechemshwa zikawa ngumu, nakala nyingi hapana. Ukipata ya asili ambayo taya hazijaliwa ni vaisi ya kuachia watoto, na utalipa pesa kidogo. Haizungushi mhimili wa kweli lakini mama Manyoya atakwambia hiyo si shida.

Sasa mzigo. Kitako kizito kinakula kilo za begi, na kila anayerudi nyumbani anajua begi limeshajaa viatu vya watu kabla hujaweka chako. Nunua yenye klampu. Na aiweke kwenye begi la kupakiwa chini, si la mkononi, maana chuma kama hicho kwenye eksirei lazima wakufungue uanze kueleza habari za samaki.

Kijana_wa_Ragati:

Asanteni sana aisee, nimejifunza zaidi hapa kuliko mwezi mzima wa video. Nimefanya ile ya dirisha na kweli mama, mwanga unapita kwenye ncha, nyuma zimegusana. Kumbe nilikuwa nalaumu vidole vyangu.

Tatizo la klampu ni meza. Mimi nafungia kwenye meza ya jikoni na ukingo wake una ubao umeteremka chini karibu inchi tatu, klampu niliyo nayo haifiki, nabana kwenye stuli. Na nikienda kulala kambini kando ya mto nataka niweze kufunga kwenye meza yoyote ama hata kwenye boneti ya gari. Ndio maana nilikuwa nataka kitako. Nifanyeje?

Halafu kitu kingine, mimi natumia mkono wa kushoto. Inabadilisha chochote?

Fundi_Chuma_Kamukunji:

Boss hapo kwa kitako usilipe dola. Mimi ni fundi wa vyuma, flai sijui, lakini kaka yangu anavua na nimemtengenezea.

Karibu vaisi zote hizo za Marekani kijiti chake cha kusimamia ni cha 3/8, yaani kama milimita 9.5. Ukijua hilo kazi imekwisha. Chukua diski ya breki iliyotupwa, ile ya mbele ya Probox ni saizi nzuri, gereji yoyote watakupa kwa bei ya chai maana wao wanaiuza kama skrapa. Ni nzito, ni duara, haianguki. Weka kipande cha bamba pale katikati, chomelea bomba fupi ama kipande cha chuma cha duara, toboa 9.5 kijiti kiingie bila kucheza, halafu kwa ubavu weka bolti ndogo ya kukaza ili vaisi isizunguke na uweze kupandisha na kushusha. Piga msasa, rangi, na chini gundisha tyubu ya baiskeli isikwaruze meza ya mama watoto.

Toboa kwa mashine ya kusimama usitoboe kwa mkono, tundu likienda upande vaisi yote inasimama imelala.

Kitu kimoja nisichokushauri ni taya. Kuna watu wamenijia nichonge taya. Naweza kuchonga umbo, hiyo si kazi. Lakini taya inataka chuma cha vifaa, ichemshwe ifike rangi inayotakiwa, izamishwe kwenye oili, halafu irudishwe kwenye moto kidogo kupunguza ule ugumu wa kuvunjika kama glasi, na hicho kipimo cha mwisho kwa jiko la mkaa na jicho ni bahati nasibu. Ikiwa laini ndoana inaichimba, ikiwa ngumu sana ncha inakatika siku ya kwanza. Nunua kichwa, kitako tutengeneze hapa.

Mzalendo_Pittsburgh:

Fundi umeua. Hiyo ndiyo njia yenyewe. Nunua yenye klampu, diski ya Probox unaipata huko. Tena ukiwa na vyote viwili unatumia klampu kwenye meza ya kawaida na diski kambini.

Na mkono wa kushoto, ndiyo inabadilisha, umefanya vizuri kusema mapema. Renzetti wanauza za kulia na za kushoto mbalimbali, ukinunua ya kulia mpini wa kuzungusha utakuwa upande mbaya maisha yako yote. Regal unaweza kuigeuza tu. Kwa hiyo kama ni Traveler hakikisha oda imeandikwa ya kushoto kabla binamu hajalipa, maduka mengi hayaweki za kushoto mezani, lazima waagize, na hiyo inaweza kuchukua muda. Asingoje wiki ya kusafiri.

Baharini_Tu:

Mie nasema Regal kwa sababu ya huko kubadilisha kutoka 14 kwenda 4/0 bila kuchokora. Lakini najua nitapingwa.

Mufindi_Chai:

Unapingwa ndiyo 😄 Anafunga trauti zaidi kuliko kolekole. Pwani anashuka mara ngapi kwa mwaka? Ragati iko mlangoni kwake. Ndoana zake za kila siku ni 10 mpaka 16, za flai kama Pheasant Tail, Hare's Ear, Kenya Bug, na hizo zinataka taya nyembamba mbele vidole vipate nafasi. Mimi ningemwambia Traveler ya kushoto, kolekole afunge kwenye 2/0 na 4/0, basi. Peak kama anataka uzito na hajali wembamba.

Mama_Manyoya:

Mimi nakubaliana na wa Mufindi safari hii. Kwa trauti unataka uone nyuma ya flai, mkia wa manyoya ya kanga ukiufunga kwenye 16 na taya nene mbele yake unafunga kwa kubahatisha.

Na kijana ukishaipata usisahau urefu. Kwa sababu sasa utakuwa na kitako cha fundi, kijiti pandisha mpaka ndoana iwe usawa wa kifua chako, viwiko vikae mezani. Ikiwa chini sana unainama, saa moja tu mabega yanawaka moto, na wewe utafikiri ni uzee. Taa itoke upande wa mkono usioshika bobini, kwako hiyo ni kulia, ili kivuli cha mkono kisikae juu ya flai. Nyuma ya vaisi simamisha karatasi nyeupe ama ya kijani hafifu, uzi mweusi na unyoya mweusi utauona bila kukaza macho. Pale kazini tulikuwa tunabandika hata kalenda ya mwaka uliopita ikiwa imegeuzwa.

Kijana_wa_Ragati:

Sawa nimeamua, Traveler ya kushoto yenye klampu. Binamu nimeshamtumia meseji, amesema ataagiza wiki hii. Hii ya zamani nitamwachia dogo wa jirani ajifunzie kufunga fundo, haihitaji kushika sana kwa hilo.

@Fundi_Chuma_Kamukunji nikikuletea diski unaweza kunifanyia hiyo kazi ama nitafute fundi huku Karatina? Na ile bolti ya ubavuni iwe ya saizi gani?

Fundi_Chuma_Kamukunji:

Usisafirishe diski mpaka Nairobi nauli itazidi kazi. Fundi yeyote wa huko mwenye mashine ya kuchomelea na drili ya kusimama ataweza. Bolti weka M6 yenye kichwa cha alen kii, na mwambie aweke kipande kidogo cha shaba ama plastiki ngumu ndani kati ya bolti na kijiti, ili usikikwaruze. Na ngoja vaisi ifike kwanza ndipo mtoboe, upime kijiti chenyewe kwa kalipa, usitoboe kwa maneno yangu ya mtandaoni.